Jiwe la Mpaka

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri.
Daktari Quast, wa meno, kutoka Braunschweig,
anasema maneno mengi mno kwa mtu aliyelenga vizuri:
jua lilikuwa limezama, ila bado aliona;
ayala jike alikuwa ametulia, ila akageuza kichwa;
risasi ilikuwa njema, ila.
Nikamwambia, usikanyage mahali hapo. Nakuja.

Asta alikwisha jua. Mbwa huyu huisoma simu
kwa jinsi ninavyovaa soksi.

Pale aliposimama ayala palikuwa na nywele fupi,
tone la damu lenye mate,
na kipande cha mfupa kisichozidi ukucha.
Quast alikiokota, akakipangusa kwa kidole gumba,
akanyamaza.
Gego lilikuwa bado limo.
"La chini, kushoto," akasema. "Hajatimiza miaka minne."
Miaka thelathini anang'oa meno, na hilo
ndilo lililomtoa machozi.

Taya, basi. Risasi ya taya haiui.
Huacha miguu mizima, mapafu mazima,
ikaiachia njaa kazi yake, wiki mbili, tatu.

Tukafuata. Kamba ya ngozi, mita kumi,
pua ya Asta chini, mimi nyuma yake,
Quast nyuma yangu akiliomba radhi
kila tawi lililomchapa.
Misunobari ya Harz imekufa imesimama,
imeliwa na mbawakawa wadogo kuliko punje ya mchele.
Damu ilikatika. Asta hakukatika.

Kilomita ya nne, jiwe.
La kijivu, lina kuvu, herufi mbili na namba.
Upande huu tunawinda sisi. Upande ule ni wa Wiegand,
na mkataba wa kufuatiliana majeruhi uko kwake tangu Machi,
chini ya bakuli la funguo, bila sahihi.

Sheria yetu ina vifungu viwili
vinavyokaa nyumba moja bila kusalimiana:
usimwache mnyama ateseke;
usivuke na bunduki usikoruhusiwa.
Wanasema sheria ni msumeno.
Asubuhi ile ulikwama katikati ya gogo,
na mpini nimeushika mimi.

Kichakani, hatua sitini labda, nilimsikia.
Hakulia. Ni pumzi tu,
yenye majimaji ndani.

Quast akanong'ona, "Nani ataona?"
Nikampa funguo za gari. Nenda kagonge mlango wake.
Gonga mpaka mbwa wake wachoke kubweka.
Nikatoa risasi, nikaketi juu ya jiwe,
Asta akinitazama kama watu wanavyomtazama karani
aliyefunga dirisha foleni ikingali ndefu.

Dakika arobaini na tatu. Nilizihesabu
kwa kuwa sikuwa peke yangu kuzihesabu.
Nikawaza: labda mpaka huu ulichorwa
siku majirani walipoanza kuelekezeana mitutu
kwa ajili ya paja la nyama.
Nikawaza: hiyo pumzi haijui habari za majirani.
Mara mbili niliinuka. Mara mbili nikakaa.
Sisemi hivi kujisifu.

Wiegand akaja, koti juu ya pajama,
viatu vya bustani, salamu hana.
"Vuka, Irmtraud! Vuka!"

Risasi moja, nyuma ya sikio.
Msitu ukairudisha sauti, kisha ukaimeza.
Quast akavunja kitawi cha msunobari,
tonge la mwisho, kama desturi itakavyo,
akataka kumtilia mdomoni.
Hakukuwa na cha kukibana.
Akakilaza juu ya ulimi.

"Kwa nini ulingoja?" Wiegand akaniuliza, kwa hasira kweli.
"Karatasi iko chini ya bakuli."
"Siku nyingine uvuke tu."
"Andika," nikasema.
Akaandika nyuma ya risiti ya dizeli,
mgongo wa Quast ukiwa meza.
Mwandiko mbovu, tarehe kamili.

Ninayo hadi leo. Ukiniuliza kama nilitii sheria,
nitakuonyesha nilipoihifadhi.
Ukiniuliza kama nilitenda wema,
kamuulize Asta. Siku nzima ile
hakula mkononi mwangu.